Vidonge vya Mlangoni

Baba yangu alikuwa haingii ndani ya nyumba yake mwenyewe kabla ya kumeza vidonge. Alikuwa akishuka kwenye basi la kutoka Geita, anatembea na begi lake mpaka kwetu Ibadakuli, na akifika uani anakaa kwenye kigoda karibu na mlango wa jikoni, anangoja. Mama anatoka na kikombe cha maji. "Karibu" na "pole na safari" vilikuja baadaye. Kwanza vidonge viwili vyeupe vya septrini. Baba anavimeza, anafungua mdomo kidogo kuonyesha vimeshuka, ndipo mama anasema, "Haya, ingia, chakula kipo."

Mimi, mtoto wao wa kwanza, nilikuwa napokea begi. Nilidhani kila baba anayerudi kutoka machimboni hupokelewa hivyo, kama mgeni anavyonawishwa mikono kabla ya kula. Siku nilipomuuliza mwenzangu shuleni kama baba yake naye humeza vidonge mlangoni, alinicheka mpaka akakaa chini. Tangu siku hiyo nikajua kwamba kwetu kuna jambo.

Jambo lenyewe lilitoka Ushirombo, kwao mama. Dada yake mkubwa aliolewa na mchimbaji wa dhahabu, mwanamume mcheshi ambaye hata leo watu wakimtaja wanatabasamu kabla hawajakumbuka. Alirudi na ugonjwa. Alizikwa yeye kwanza, kisha mama yangu mkubwa. Mama ndiye aliyemuuguza dada yake hadi mwisho, na kila siku alikuwa akimpa septrini alizoandikiwa hospitalini. Aliona kwa macho yake kwamba zile siku alizokosa vidonge dada yake alikuwa anazidiwa, na akivipata anainuka, anakaa nje, anaomba uji. Kwa hiyo katika akili ya mama, ambayo haikusoma sana lakini haikuwa mbovu, kile kilikuwa kidonge kinachosimama mbele ya ule ugonjwa. Kama kiliweza kumpa dada yake miezi ya ziada, kisingeshindwa kuuzuia mlangoni.

Baba alipoacha pamba na kwenda kwenye maduara, ndiyo mashimo ya dhahabu, mama hakumzuia. Pamba ilikuwa haitulishi, na ile biashara ya mama ya michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, na mchele wa Tinde ilitosha sabuni na chumvi tu. Alimwambia neno moja: nenda, ila utakuwa unarudi kwa masharti yangu. Baba alikubali. Msukuma akiisha kukubali jambo mbele ya mkewe na mtoto wake, hana pa kupitia tena.

Nisimsingizie mama kwamba hakwenda hospitali. Walikwenda wote wawili wakapima, wakaonekana wazima. Wakarudia, wazima tena. Mama alilikunja jibu akaliweka kifuani, akasema, "Mashine inaona ya leo. Mimi naangalia ya kesho." Na vidonge vikaendelea.

Safari za mwanzo hakukuwa na tatizo. Halafu kuna mara moja baba alirudi, akameza, akala, akalala, na asubuhi akatoka chumbani ameshika mdomo. Upande wa kushoto wa mdomo wa chini palikuwa pamevimba, pamekuwa pekundu kwenda zambarau, duara kamili ya ukubwa wa sarafu ya shilingi mia, na katikati pametoka lengelenge. Alisema panawaka moto. Baada ya wiki moja na kitu palipona, lakini palibaki peusi. Akarudi machimboni na lile doa.

Alipokuja tena doa lilikuwa limetulia, jeusi tu, haliumi. Alimeza vidonge jioni. Kabla hatujamaliza kula aliweka tonge chini, akagusa mdomo. Asubuhi ilikuwa ile ile, mahali pale pale, lengelenge pale pale katikati. Mama alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akasema maneno yaliyotutawala kwa miaka kadhaa: "Dawa inatoa uchafu nje."

Ukiyafikiria, ni maneno yenye mantiki. Sote tumekulia kwenye dawa za namna hiyo, dawa ya minyoo inayotoa minyoo, dawa ya jipu inayoliivisha jipu. Mtu akinywa dawa na mwili ukatoa kitu, mgonjwa husifu dawa. Kwa hiyo baba alirudi na uchafu kutoka huko alikokuwa, vidonge vikaukuta, vikausukuma nje, ukatokea mdomoni. Na kama ni mdomoni, basi alifanya nini na mdomo wake? Mama hakuuliza swali hilo mbele yetu, lakini ukuta wa chumba chao haukuwa mnene. Baba alikuwa anajibu kwa sauti ya chini, jibu moja tu kila mara: "Sijafanya kitu, mama watoto."

Mama akaongeza dozi. Vidonge viwili vikawa vinne. Doa likapanuka, na lingine likatokea mgongoni mwa mkono wake wa kulia, nalo likiamka pamoja na la mdomoni kama yamepigiana simu. Mama aliona uchafu unazidi. Walipima tena, wazima tena, lakini sasa mama alikuwa na jibu: magonjwa yako mengi, hawapimi yote.

Doa lingekuwa mguuni ungelificha na suruali. La mdomoni linakutangulia kila uendako. Kwenye jumuiya wanawake walikuwa wanamsalimu baba huku macho yao yameshuka kwenye kidevu. Mmoja wao alinikuta bombani nikichota maji, akaniambia kwa huruma ya kinafiki, "Pole mwanangu, naona baba yako amepigwa chapa." Nilimmwagia ndoo nzima. Nilichapwa kwa hilo, na leo akinisimamisha tena pale bombani maji yapo.

Baba hakugombana na mtu. Alianza kuchelewa kurudi tu. Miezi mitatu ikawa sita, sita ikawa Krismasi hadi Krismasi, kisha hata Krismasi ikampita. Alitoka kwenye maduara, akahamia Buseresere, akawa anasimamia karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Alituma pesa za ada bila kukosa, na kwa konda wa basi alituma dagaa wakavu kwenye kiroba cha salfeti. Mama alikuwa anasema, "Si mnaona? Mwenye hatia hukimbia." Kisha anawaosha wale dagaa, anawakaanga na nyanya, anakula. Nilipomtazama alisema dagaa hawana kosa.

Mimi nilipomaliza chuo nilipangiwa kufundisha Geita, somo la historia, na likizo ya kwanza nilikwenda Buseresere kumpeleleza baba. Nasema kweli, nilikwenda kumpeleleza. Nilitaka nimwone huyo mwanamke ambaye mama aliamini yupo, nimjue. Nilikaa naye siku kadhaa, nikapika, nikafua, nikapiga soga na majirani mpaka nikachoka. Niligundua jambo moja tu: vijana wa karasha walimpa baba jina la utani. Walimwita Padri.

Siku hizo mdomo wake ulikuwa mtulivu, doa jeusi limelala pale kwenye kona. Nikalitazama huku anakula, nikajiuliza mbona huku haliamki. Lakini mimi ni mtu wa historia, darasa la baiolojia nililala zaidi ya nilivyosikiliza, na swali lile nililiacha pale mezani pamoja na sahani.

Baba ndiye ambaye hakuliacha. Mwaka huu, baada ya mvua za kwanza, alinipigia simu asubuhi nikiwa najiandaa kuingia darasani.

"Mayu," akasema. Hivyo ndivyo anavyoniita, mama, kwa Kisukuma. "Mdomo umeamka."

"Umeamkaje? Mama amekuja huko?"

"Mama yako hajawahi kukanyaga huku. Ndiyo maana nakupigia."

"Umekula nini, baba?"

"Nimemeza vidonge vyake. Jana jioni. Nimevinunua mwenyewe hapa dukani."

"Unaumwa nini?"

"Siumwi," akasema. "Nilitaka kujua."

Niliomba ruhusa kwa mwalimu mkuu, nikaenda kumchukua. Mdomo ulikuwa umevimba vibaya, na mkono pia, na alikuwa na furaha ambayo sikuielewa, furaha ya mtu aliyeshinda kesi lakini bado hajatoka mahakamani. Tulikwenda kwenye kliniki ya ngozi. Daktari alikuwa binti mdogo kuliko mimi. Alisema, "Shikamoo mzee," baba akajibu, "Marahaba daktari," na akamweleza yote kwa mpangilio: kila mara vidonge vile, kila mara mahali pale pale, na kila mara bila vidonge hakuna kitu. Daktari alimtazama mdomo, akamtazama mkono, akauliza ilichukua muda gani kuanza kuwaka. Kisha akaniuliza mimi kama baba ana mzio wa salfa, dawa iliyomo ndani ya septrini. Nikasema hatujui. Akasema, "Basi kuanzia leo mjue."

Aliyoyaeleza nitayaandika kama nilivyoyaelewa. Ndani ya damu yetu kuna chembe zinazopigana na maradhi, tuziite askari. Wakikutana na kitu wanachokiona ni adui, wanapigana nacho. Vita ikiisha wengi wao wanakufa, na wachache wanabaki wakiwa wamemkariri adui kwa sura. Zamani ilidhaniwa kwamba hao wachache wote huzunguka mwilini pamoja na damu. Siku hizi inajulikana kwamba wako wengine ambao hawarudi kambini. Wanahamia kwenye ngozi, pale pale palipopiganiwa, wanajenga, wanakaa. Wanaweza kukaa miaka na miaka bila kusikika. Siku adui yule yule akipita tena, hawangoji amri wala hawangoji wenzao watoke mbali. Wanaamka ndani ya saa chache.

"Kwa hiyo septrini ndiyo adui," nikasema.

"Dawa si adui," daktari akasema. "Ni dawa nzuri, inaokoa watu. Ila askari wa mzee waliamua kwamba ni adui, na hakuna wa kuwabadilisha mawazo. Na kwa kuwa dawa iko kila mahali kwenye damu na hawawezi kuikamata, wanawapiga majirani zao, ngozi yenyewe ya pale wanapoishi. Ndiyo hilo lengelenge. Rangi ya ngozi inazama chini, ndiyo huo weusi."

Baba alitikisa kichwa. "Sungusungu," akasema.

Kwetu Shinyanga neno hilo halihitaji maelezo, lakini daktari alikuwa mgeni, ikabidi baba amweleze: polisi wanakuja na kuondoka, sungusungu ni wanakijiji wenyewe, wanalinda pale wanapolala. Yeye mwenyewe alikuwa mmoja wao ujanani, ana filimbi na upinde. "Kuna mtu tulimkamata mnadani," akasema, "tukampiga sana, kwa sababu alivaa koti la mwizi wa ng'ombe wa mwaka wa nyuma. Kumbe alilinunua pale pale mnadani. Tulikuwa tunalikumbuka koti."

Daktari alicheka, akasema mfano huo atawapa wagonjwa wengine. Wako wengi wanaohangaika na askari wa aina hiyo hiyo, akasema: wenye magamba mekundu ambayo krimu inayaondoa, halafu yanarudi mahali pale pale, wenye mabaka meupe ambayo rangi ikianza kurejea inaliwa tena. Kwa hao kazi ni ngumu. Kwa baba ni rahisi, asimeze salfa tena maisha yake yote na amwambie kila mtabibu kabla hajaandikiwa dawa. Doa laweza kufifia, laweza lisiishe. Askari wenyewe watabaki pale pale. Kisha akabadilisha sura, akamkemea. Kujijaribu mwenyewe kama alivyofanya ni hatari, kila mara mlipuko huweza kuwa mkubwa kuliko wa mwanzo na kuenea mwilini. Baba akaomba radhi kama mwanafunzi.

"Ila mimi ni mzima?" akauliza.

"Wewe ni mzima, mzee. Kinga yako tu ndiyo ina kinyongo."

Tulipotoka nje, baba alisimama karibu na uzio, akageuza uso. Alilia kidogo. Nilikuwa sijawahi kumwona akilia, na nikaona aibu ya kumtazama, nikajifanya natafuta nauli kwenye pochi. Nilitaka twende Ibadakuli siku ile ile. Alikataa. "Nikisema mimi, ni mshitakiwa anajitetea," akasema. "Nenda wewe."

Nilimkuta mama uani anachambua michembe, anatenga ile yenye wadudu. Nilimweleza kila kitu, askari, salfa, hata koti. Mwanzoni alikuwa na ulimi wake wa kawaida, ule ambao mimi nimeurithi. Aliuliza daktari ana umri gani. Aliuliza kama baba ndiye aliyelipia. Akasema mwenye kosa akikosa shahidi humtuma mwanawe. Mimi nikapandisha sauti, yeye akapandisha yake, na jirani mmoja akatoka nje kusikiliza vizuri zaidi. Nikasema, "Mama, amejinunulia mwenyewe. Amemeza huko ambako wewe hupo, na umeamka. Nani amempa uchafu kati ya duka la dawa na kitanda chake?"

Mama aliendelea kuchambua. Mikono ilikuwa inakwenda vile vile, michembe mizima huku, mibovu huku. Halafu nikaona anaiweka mibovu kwenye mizima. Hakugundua. Alikuwa anatazama mbele.

"Nilimpa vinne," akasema.

Nilianza kuitoa mibovu kwenye mizima.

"Viwili vilipomtoa malengelenge, mimi nikampa vinne. Na alimeza."

Hapo nilitamani ningekuwa sijasema lolote. Nilikuwa nimebeba hoja njia nzima kutoka Geita, nimezipanga kama za mahakamani, na niliposhinda kwa hoja zote nikamwona mama yangu amekaa chini amekuwa mdogo. Nilimwambia kwamba hakujua, kwamba alikuwa anatulinda, kwamba alizika maiti mbili kabla mimi sijaanza shule. Yote hayo ni kweli na ningeyasema tena. Hofu ile ilimwingia Ushirombo kando ya kitanda cha dada yake, na haikuwahi kutoka. Alinisikiliza, akasema nikamwangalizie chungu.

Kesho yake asubuhi alifunga kanga mbili, akabeba mchele wa Tinde na michembe iliyochambuliwa upya, akaniambia nimwonyeshe njia.  Tulifika Buseresere mchana. Karasha ilikuwa inaunguruma, na baba alikuwa mweupe kwa vumbi kuanzia kichwani, ila pale kwenye mdomo palikuwa pekundu. Alipomwona mama alizima mashine. Vijana wote wakageuka kumwangalia mwanamke aliyeweza kumfanya Padri azime mashine.

"Mwadila," mama akasema, salamu yetu ya mchana, akapiga goti. Kwa miaka mingi hakuwa amempigia goti.

"Mwadila, mayu."

Baba alitupeleka chumbani kwake, akanawa, akatupatia viti, yeye akakaa kitandani. Mama hakusema lile nililotarajia. Nilitarajia samahani, na nilikuwa nimejiandaa kutoka nje ikija. Yeye alimtazama mdomo, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Ulianza kushuku lini?"

"Mapema," baba akasema. "Mara ya tatu au ya nne. Nikimeza tu, kabla sijamaliza kula, nilikuwa nasikia panaanza kuchoma."

"Na ukaendelea kumeza."

"Nikaendelea."

"Kwa nini hukukataa?"

Baba alifikiri. Alikuwa na taulo mkononi, akaikunja, akaikunjua. "Ningekataa," akasema, "ungenifungulia mlango?"

Mama ni mtu mgumu, lakini si mwongo. Angeweza kusema ndiyo, na sisi sote wawili tungejifanya tumeamini. Huko nje karasha ikawashwa tena.

"Nisingekufungulia," akasema.

"Basi," baba akasema. "Nami nilitaka kuingia."